Kutembea Kando ya Mto Mkondoa



Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mto mmoja, nao ni Mkondoa, upitao katika mji wa Kilosa. Sisi tu walimu, na kazi yetu ni kuwafundisha vijana ambao nao watakuwa walimu. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, twawachukua wanafunzi wetu kwenda kutembea kando ya mto huo tangu asubuhi hata jioni. Watu hutucheka, wakisema, "Mto una nini cha kutazama? Si maji tu?" Basi tumekuja kuwajibu watu hao.

Miji mikubwa mingi ya dunia hujulikana kwa mito yake. London ina mto Thames, Paris ina mto Seine, na Cairo ina mto Nile. Watu wa miji hiyo hutembea jioni kando ya maji, wakahesabu madaraja na kutazama vyombo vipitavyo. Mji mkuu wetu ni Dodoma. Shauri la kuufanya mji mkuu lilikatwa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa cheo cha jiji. Lakini mgeni aendaye Dodoma mwezi wa Septemba akiuliza, "Mto wa mji huu u wapi?" ataonyeshwa makorongo ya mchanga mkavu. Asidhani ya kuwa Dodoma haina mto. Mvua inyeshayo katika nchi ile ya Ugogo huenda zake upande wa mashariki kwa mto uitwao Kinyasungwe. Maji mengine huzuiliwa kwanza katika bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Mengine hushuka moja kwa moja. Basi mtu atakaye kutembea kando ya mto wa mji mkuu, na kuona maji ndani yake, na ashuke Kilosa. Huko ndiko maji hayo yanakopita.

Tufuate njia yake. Kinyasungwe hupita Gulwe na Godegode, katika nchi kavu ya mibuyu na miiba. Hukusanya vijito vingi njiani, ambavyo kwa miezi mingi havina hata tone la maji, lakini mvua ikinyesha hujaa kwa saa moja. Karibu na Kidete hupokea maji kutoka Lumuma, bonde lisifiwalo kwa vitunguu vyake. Hapo mto umekwisha badili jina, waitwa Mkondoa. Kisha huingia kati ya milima miwili mikubwa, milima ya Rubeho na milima ya Ukaguru, ukapita katikati yake kwa mapindi mengi, hata ukatokea Kilosa. Tangu Dodoma hata Kilosa nchi hushuka zaidi ya mita 600. Wanafunzi na wakumbuke hesabu hiyo, maana ndiyo inayoyapa maji nguvu. Maji yashukayo taratibu ni rafiki. Maji yashukayo kwa haraka huchukua kila kitu.

Sisi huanza matembezi yetu magharibi ya mji, pale mto utokapo milimani. Kila mwanafunzi huchukua daftari na kalamu; na kwa wote kuna kamba yenye fundo kila mita moja, fimbo ndefu ya kupimia kina, na chupa chache tupu zenye vifuniko. Vyombo hivi hupatikana katika shule yo yote, hata iliyo maskini.

Jambo la kwanza tunalowaambia watazame ni mawe. Pale milimani mawe yaliyomo mtoni ni makubwa, na mengine hayawezi kuinuliwa na mtu mmoja. Ukishuka kidogo, utaona mawe ya kiasi cha kichwa cha mtoto, nayo ni ya mviringo, ukishuka tena, changarawe, ukiendelea, mchanga, na huko mbali katika mbuga, tope tupu laini kama unga. Kwa nini? Kwa sababu mto ni kama hamali aliyetwikwa mzigo. Mahali penye mteremko mkali una nguvu, huchukua mizigo mizito. Ukifika tambarare huchoka, ukatua mzigo mzito kwanza, kisha ule mwepesi. Kilosa ni mahali pale pale ambapo mto huanza kuchoka na kutua mizigo yake. Tafadhali likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Jambo la pili ni njia. Milima ile ni kama ukuta kati ya pwani na bara, na mto umeutoboa mlango. Kwa hiyo kila aliyetaka kupita alipita hapo. Misafara ya pembe na bidhaa ilipita bonde hili, na wapagazi walioga katika maji haya. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, wakauandika mto kwa jina la Mukondokwa. Stanley alipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Kabla ya kufika bondeni ilimpasa avuke mbuga ya Mkata wakati wa masika, akaikuta imejaa maji na matope, watu wake na punda wake wakapata taabu kubwa. Na alipokuwa akirudi mwaka 1872 akayakuta maji mengi zaidi. Wadachi nao walipojenga reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, hawakupata njia nyingine iliyo rahisi. Wakailaza reli ubavuni mwa mto, kutoka Kilosa kupita Munisagara hata Kidete. Na katika siku zetu reli mpya ya umeme, ambayo tangu Julai 2024 huchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, imepita katika milima hiyo hiyo ya Kilosa, ila wajenzi wake wametoboa mahandaki katika miamba na kuinua madaraja marefu, ili gari lisiwe karibu mno na maji. Hawakufanya hivyo kwa fahari. Walikuwa na sababu, na sababu hiyo twaifikia sasa.

Tukikaribia mji twafika mahali ambapo mto unapinda. Hapo twawaambia wanafunzi wasimame kimya na kutazama kingo mbili. Ukingo wa nje wa pindo umesimama kama ukuta; mizizi ya miti inaning'inia hewani, na mara kwa mara bonge la udongo huanguka majini. Ukingo wa ndani ni ufuko wa mchanga mlaini, unaoteremka polepole. Twatupa vijiti viwili, kimoja huku na kimoja huku, na wanafunzi wahesabu. Kijiti cha upande wa nje hufika mbele upesi, maana huko maji hukimbia. Kile cha upande wa ndani hujikokota. Basi upande wa nje mto hula, na upande wa ndani hutema. Kila mwaka pindo husogea kidogo, na mtu aliyejenga nyumba hatua ishirini kutoka ukingo wa nje asidhani ya kuwa wajukuu wake watazikuta hatua hizo ishirini.

Mzee mmoja wa Kisagara alitukuta hapo siku moja, akasimama kutusikiliza. Vijana walimwamkia, naye akaitikia. Kijana mmoja akamwuliza, "Babu, mto ulipita wapi ulipokuwa mtoto?" Akatuonyesha kwa fimbo yake mstari wa matete katikati ya mashamba ya mahindi, mbali na maji, akasema, "Wajukuu zangu, ulipita pale. Na mvua ikizidi hutaka kurudi pale. Hawa wanaolima pale ni wageni, hawakuambiwa. Nasi wenyeji tuliojua, hatukusema." Tuliyaandika maneno yake katika daftari, maana hayamo katika ramani yo yote tuliyo nayo shuleni.

Sasa twafika kwenye tuta. Wengi wenu mliopata kufika Kilosa mmeliona, ingawa labda hamkulijali. Ni boma la udongo lililoinuliwa tangu zamani kando ya mto, upande wa mji, ili maji yakijaa yasiingie katika nyumba. Mtu akitembea juu yake huona mto upande mmoja, na mabati ya nyumba upande wa pili. Na hapo twawaomba wanafunzi watuambie ni kipi kilicho juu zaidi, sakafu ya mto au sakafu ya nyumba. Wengi hujibu upesi, "Nyumba." Kisha twapima kwa kamba na fimbo, mahali mahali, na vijana hunyamaza. Maana wanaona ya kuwa mchanga umejaza mto, na sakafu yake imepanda. Mnakumbuka tulisema Kilosa ni mahali ambapo mto hutua mizigo yake. Kila masika mto hutua tabaka moja ya mchanga, na masika mengine tabaka nyingine. Basi tuta lililokuwa refu zamani sasa ni fupi, wala halikupungua hata shubiri. Kilichopanda ni mto.

Mwezi wa Desemba mwaka 2009, mwisho wa mwezi, mvua kubwa zilinyesha bara. Maji yalishuka kutoka Ugogo na milimani kwa pamoja, tuta likapasuka, na mto ukaingia mjini na vijijini. Watu zaidi ya elfu ishirini walipoteza makao. Nyumba za udongo ziliyeyuka kama sukari katika chai. Chakula kilichokuwa ghalani kiliharibika, mashamba yalifunikwa na mchanga, na watu wakahamia katika mahema. Wako waliokaa katika mahema hayo si kwa majuma, bali kwa miaka. Reli nayo ilichukuliwa mahali pengi kati ya Kilosa na Gulwe, tuta lake likaliwa na maji, chuma kikabaki kinaning'inia. Na kwa miezi kadha abiria wa bara hawakuweza kupanda gari la moshi Dar es Salaam, iliwapasa waende kwanza kwa basi hata Dodoma. Tena mwezi wa Januari 2014 mafuriko yaliingia Magole na Dumila, upande wa kaskazini wa wilaya. Mto Mkundi ukaikata njia kuu ya Dodoma penye daraja. Ndiyo sababu ya mahandaki na madaraja marefu tuliyoyataja.

Watu husema tuta lilipasuka kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tuta la udongo halishindwi na maji yanayolisukuma tu. Mara nyingi hushindwa kwa tundu dogo. Panya au kuchakuro akichimba shimo. Ng'ombe wakipita kila siku mahali pamoja hata pakafanyika bonde dogo. Mtu akikata udongo wa matofali. Mti mkubwa ukiota juu yake kisha ukafa, na mizizi yake ikaoza ikaacha vijia ndani. Hapo maji hupata mlango. Mwanzo hutoka maji membamba kama mkojo wa mtoto. Maji hayo yakiwa meupe, hatari ni ndogo. Yakiwa na rangi ya udongo, maana yake yanachukua tuta kutoka ndani, na baada ya muda mfupi tundu la kidole huwa tundu la kichwa, na tundu la kichwa huwa lango. Kila mtu akaaye nyuma ya tuta, hata mtoto, na azijue dalili hizo.

Katika matembezi ya mwaka mmoja tulimkuta mama mmoja akilima juu ya tuta lenyewe. Alikuwa amepanda mahindi, mchicha na maboga. Wanafunzi wakasema, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, wanangu." Mmoja wao akamwuliza kwa adabu, "Mama, je, huogopi kulima hapa? Jembe lalegeza udongo wa tuta." Akajibu, "Mwanangu, naogopa. Lakini chini kule kila kipande kina mwenyewe, na shamba langu lilifunikwa na mchanga wakati wa mafuriko, halioti kitu. Hapa hapana mwenyewe. Nile nini?" Kijana hakupata jibu.

Tunawaeleza habari hii kwa sababu ni rahisi sana kumlaumu mama yule. Lakini hebu fikirini. Mafuriko yalimnyang'anya shamba, naye akapanda juu ya tuta. Na kwa kulima tuta anayaita mafuriko mengine, yatakayowanyang'anya wengine mashamba yao, nao watapanda juu ya tuta vile vile. Duara hiyo haiwezi kukatwa kwa kumfukuza mtu mmoja. Kijiji kinachotaka tuta lake liwe zima hakina budi kwanza kumpatia mtu kama yule mahali pa kulima. Hapo ndipo kitaweza kumwambia, "Mama, shuka," naye atashuka kwa moyo.

Tukitoka kwenye tuta twajaza chupa zetu kwa maji ya mto, twazifunga, twazibeba mpaka chuoni, na kuziweka dirishani usiku kucha bila kuzitikisa. Asubuhi kila mwanafunzi huona chini mchanga, juu yake tope jembamba la rangi nyekundu, na juu kabisa maji ambayo bado yana ukungu. Wakati wa masika tope hilo ni nene mno kuliko la kiangazi. Twawauliza, "Udongo huu ulitoka wapi?" Hautoki mtoni. Ni shamba la mtu fulani huko juu. Ni udongo wa mlima uliochomwa moto majani yake, ukafyekwa miti yake, ukalimwa kwa matuta yanayoteremka badala ya kukingama. Mtu wa mlimani anapoteza rutuba yake, na mtu wa Kilosa anapata mchanga asioutaka. Wote wawili wana hasara, wala hawajuani. Fanyeni jaribio hilo katika shule zenu, maana laeleza kwa usiku mmoja jambo ambalo maneno matupu hayalielezi upesi.

Sasa tufuate maji yaendako. Mto ukiisha pita Kilosa huingia katika mbuga pana ya Mkata. Hii ni nchi ya Kimamba na Rudewa, ambako tangu zamani yamekuwako mashamba makubwa ya mkonge, na karibu nayo ni Ilonga, mahali pa uchunguzi wa mbegu na kilimo. Kutoka kusini huja mto mwingine, nao ni Mkata, upitao katika Hifadhi ya Mikumi. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1964, na jina lake ni la ile mikumi, miti jamii ya mitende yenye shina refu, iotayo huko. Mtu aendaye Iringa kwa njia kuu hupita katikati ya hifadhi, akawaona tembo, twiga, nyati na pundamilia wakila majani kando ya barabara.

Wanafunzi wetu tuliowapeleka Mikumi waliona jambo la kuwafundisha sana. Mto Mkata nao hufurika kila masika. Maji hutoka kingo zake, yakatandaa katika mbuga, na nchi ikawa kama ziwa la majani. Lakini hakuna anayelia. Nyati husogea mahali palipo juu, viboko hufurahi, na maji yakipungua huacha tope lenye rutuba, majani mabichi yakachipuka, wanyama wakarudi kwa maelfu. Mafuriko ya Mikumi na mafuriko ya Kilosa ni ndugu, baba yao ni mvua moja. Mikumi mto umeachiwa nafasi yake ya kulala, na Kilosa tumejenga vitanda vyetu katika kitanda chake. Hatusemi mji uhame; mji una reli, shule, hospitali na soko. Twasema tu ya kuwa mto hauna budi kuachiwa mahali pa kutandaa, na kama si hapa mjini, basi juu yake au chini yake.

Baada ya kukutana huko mbugani, mito hii huwa mto mmoja mkubwa uitwao Wami. Wami hupita Dakawa, penye mashamba ya mpunga. Hupita chini ya daraja kubwa la njia iendayo Tanga. Na mwisho huingia baharini Saadani, kati ya mikoko, penye viboko na mamba. Basi maji yale yaliyonyesha juu ya mabati ya Dodoma yamelisha vitunguu, mahindi na mpunga, yamenyweshwa ng'ombe na tembo, na sasa yanaonjwa na samaki wa chumvi. Hakuna mtu awezaye kusema, "Mto huu ni wangu."

Lakini watu wamesema hivyo, na tumeona matunda yake. Katika mbuga hii wakulima na wafugaji wamegombana miaka mingi kwa ajili ya maji na majani. Mkulima hulima hata ukingoni, njia ya ng'ombe ikafungwa. Mfugaji huwapitisha ng'ombe shambani, mazao yakaliwa. Tarehe 8 Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni, ugomvi huo ulileta mauti ya watu zaidi ya thelathini. Hatutaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Twasema tu ya kuwa ukingo wa mto ukiwa wazi, bila shamba, ng'ombe hupata njia ya kunywa na mkulima hupata salama.

Na hilo si wazo letu tu, ni sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kufanya kazi za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mto, katika mita 60 toka ukingo wake. Mita 60 ni kiasi cha hatua themanini za mtu mzima. Ninyi mnaojua kusoma, isomeni sheria hiyo, kisha mwaeleze wasiojua. Msowero, kijiji cha wilaya hii hii ya Kilosa, ndiko alikokaa Mangungo, mtawala aliyetia alama yake katika karatasi ya Karl Peters mwezi wa Novemba 1884. Karatasi ile iliandikwa kwa lugha asiyoijua, na nchi ikatoka mikononi mwake. Watu wa nchi ile ya Usagara wana sababu kuliko wengine wote ya kupenda kusoma karatasi kabla ya kuzikubali, na kuzijua sheria kabla ya kuzilaumu.

Basi twapenda kuwapa mashauri machache, nanyi mtayapima kwa akili zenu.

Kwanza, ninyi mkaao milimani, limeni matuta yakingame mteremko, na juu ya kila tuta pandeni majani ya ng'ombe. Mtayavuna majani, na udongo utabaki kwenu.

Pili, ninyi mkaao ukingoni, acheni zile hatua themanini. Pandeni huko matete, mianzi na mikuyu, ambayo mizizi yake hushika udongo. Lakini juu ya tuta lenyewe msipande miti mikubwa. Pandeni majani mafupi tu, na mbuzi wasiyale hata mizizi.

Tatu, kila kijiji kilicho nyuma ya tuta na kichague watu wa kulitembea kila juma wakati wa masika, na kuziba kila tundu lingali dogo. Kazi ya sepeto moja mwezi wa Novemba yashinda kazi ya mia mwezi wa Januari.

Nne, simikeni mtini au kwenye nguzo ya daraja alama za rangi, ili kila mtu aone maji yamepanda kiasi gani. Na ninyi mlio Godegode na Kidete, mnapouona mto unajaa, wapigieni simu jamaa zenu wa Kilosa. Zamani habari ilikwenda kwa miguu, na maji yalimshinda mjumbe. Siku hizi simu i mfukoni mwa kila mtu, wala maji hayana mwendo wa simu.

Tano, msinywe maji ya mto pasipo kuyachemsha, wala watoto wasioge penye maji yaliyotuama, maana huko hukaa konokono waletao kichocho.

Mwisho, ninyi walimu, msingoje mto mkubwa. Hata kijito kikavu kilicho nyuma ya shule chafaa. Watoeni watoto darasani siku moja, mwende nao toka juu hata chini. Wapime kina, watupe vijiti, wajaze chupa, wawaulize wazee maji yalipita wapi zamani. Wayaandike majibu katika daftari, na daftari hiyo iwekwe katika kabati ya shule. Mwaka wa pili pimeni tena pale pale. Baada ya miaka kumi shule yenu itakuwa na habari ambazo mhandisi atakayekuja kujenga daraja atazitafuta kwa fedha, naye atazikuta zimeandikwa kwa hati ya watoto wenu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo leo.